Koti la Zimwi

Lionja, Nachingwea
Jumatatu

Kaka Bakary,

Shikamoo. Huku ufuta tumeshavuna, mikorosho ndiyo inatoa maua, na yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha. Namba yako bado haipatikani, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa lori anayevuka Msumbiji kwenda huko Montepuez ulikokwenda.

Kikundi chetu cha maigizo kimetengeneza mchezo kutoka kwenye riwaya ya kuchekesha, habari za zimwi linaloogopa kuku. Zimwi ni Kipriani, mtani wetu. Alikosa vazi, nikampa lile koti lako la buluu. Jumamosi, uwanja wa shule umejaa, akatokea akitembea kama wewe, bega moja juu, akikohoa kama wewe kabla ya kusema. Watu walicheka mpaka machozi.

Mama akasimama. "Kipriani, nani kakwambia amekufa?"

Kicheko kikakatika. Unajua mwenyewe, kwetu mtani huvaa nguo za mtu na kumwigiza siku ya msiba wake. Sisi tulitaka kuchekesha tu, hatukukumbuka. Kipriani alivua koti palepale, akapiga magoti.

Wiki ijayo tunaonyesha Ruangwa, na zimwi litavaa gunia. Koti analo mama. Hataki likunjwe wala lifuliwe.

Miaka mitatu hatujapata neno lako, kaka. Andika mistari miwili tu, kwa mkono wako. Mwandiko wako naujua, ningeweza kumwandikia mama mimi kwa jina lako. Lakini mama ameshaigiziwa mara moja, inatosha.

Mdogo wako,
Munira