Lengalenga juu ya ukuta

Mujukuu yangu Nadine,

Huku Lubumbashi tuko bazima, na kaka yako amepata kazi mu ville, katikati ya muji. Unaniuliza kama ile makuku yako ya kule Sakania yenye kuzeeka uiuzishe ao uipatie vitamini.

Wakati nilikuwa mama kijana, makuku yangu ilizeeka, mayai ikapunguka. Ya jirani yangu Mama Tshala ilikuwa ya umri moja na yangu, lakini yeye kila asubui alipita mbele ya mulango yangu na kitunga ya mayai. Wivu ilinikula, mpaka salamu yake sikuitika. Nikanunua vitamini, nikatia mu maji kwa siri, asione. Mayai haikuongezeka sana.

Siku moja nikachungulia juu ya ukuta, mu lupango yake. Makuku yake nayo ilikunywa vitamini, kichupa yake ilikuwa pale kando ya maji, halafu ilikuwa inakula majani ya lengalenga, yenye miye nilikuwa naing’oa mu bustani yangu na kumutupia juu ya ukuta kama takataka, kwa kumuchokoza tu.

Akaniona. Akaniambia: “Aksanti sana kwa majani, jirani yangu!”

Basi uipatie vitamini, na majani mabichi kila siku. Miye, mpaka leo, ile aksanti haijanishuka mu koo.

Kambo yako