Miguu ya Watu wa Kigango

Mogitu, 14 Machi 2004

Mwanangu Violeth,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa tu wazima, mama yako anakusalimu, mahindi yameanza kubeba.

Ile barua yako ya kisukari niliwasomea watu wa kigango baada ya ibada. Wengi walidhani ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Tisa wamekwenda Katesh kupimwa. Wawili wamekutwa nacho: mzee Sulle, aliyekuwa akisema kiu yake ni ya kulogwa, na mama Efrazia, yule mjane jirani yetu. Sasa kila Jumapili watu wanavua viatu, nakagua nyayo kama ulivyonifundisha.

Mimi vidonge vyangu vya kisukari nameza. Usijali.

Baba yako,
Bonaventura

Iringa, 2 Aprili 2004

Baba, shikamoo. Na Mama shikamoo. Milele, amina. Mimi mzima, ila zamu za wodini zinachosha.

Barua yako niliwasomea wauguzi wenzangu, wakakupigia makofi. Lakini Baba, nyayo zako wewe anakagua nani? Kisukari hutia miguu ganzi. Mtu huchomwa asijue. Naomba unijibu hilo.

Mwanao,
Violeth

Iringa, 20 Juni 2004

Baba, shikamoo. Habari za afya?

Hii ni barua ya tatu, hujanijibu hata moja. Nimempigia simu Salma, rafiki yangu wa shule, dukani kwake Katesh. Anasema hujaonekana mnadani miezi miwili. Baba, una nini? Ruhusa wamenipa kuanzia katikati ya Julai. Nakuja.

Mwanao,
Violeth

Hospitalini, 11 Julai 2004

Mwanangu Violeth,

Amani iwe kwako. Mimi ni hai, namshukuru Mungu.

Mguu wa kulia wameukata Jumatatu, juu ya goti.

Mwiba ulinichoma Februari, wakati wa palizi. Nilipokuandikia ile ya Machi, kidonda tayari kilikuwa ndani ya buti. Vidonge nilikuwa nimeviacha tangu Krismasi, mwili ulipokuwa mwepesi. Mama yako alipouliza harufu ni ya nini, nilimwambia panya amefia darini. Nilijiambia kwamba watu wa kigango wakikiona kidonda cha katekista wao, wataacha dawa. Si kweli, mwanangu. Niliona aibu tu.

Sulle ndiye aliyenikamata. "Katekista, kaa chini," alisema, "leo ni zamu yako." Akanivua buti kwa nguvu. Alipoona, akalia.

Jambo linalonikosesha usingizi ni Efrazia. Amesikia kwamba waliokwenda hospitali wanakatwa miguu. Vidonge amevitupa chooni, na mlango amewafungia hata wanakwaya wangu waliokwenda kumwombea. Sulle anasema macho yake yameanza kufifia.

Nimemwomba Sulle, nikiruhusiwa kutoka, anipeleke kwa Efrazia kwa mkokoteni wa punda kabla sijafika nyumbani. Nataka auone mguu huu, nimwambie kwamba si hospitali iliyoukata, ni mimi.

Sijui kama atanifungulia.

Baba yako,
Bonaventura