Tela la Mkwe Wangu Limelizidi Gari Lake

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie jambo ambalo siwezi kulitamka mbele ya mhusika, kwa sababu mhusika ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, na jambo lenyewe ni la mahali pa kulala.

Naishi Kwamndolwa, Korogwe, kwa binti yangu Yusra na mumewe Faraji tangu nilipofiwa, na kwanza ujue sikuandika kulalamika, maana sijui ni mama mkwe gani hapa kwetu anayetunzwa kama mimi, Faraji alinijengea chumba chenye mlango wangu peke yangu unaotazama mihogo, wakati wao mlango wao unatazama barabara, ili asubuhi asinikute bado nimejifunga kanga ya kulalia, tunasalimiana tukishavaa, kila mtu na heshima yake.

Kazi yao ni kuuza sufuria na ndoo kwenye minada ya Handeni, wanapakia kwenye Noah yao, na shule zikifungwa wanakwenda na watoto wao wawili, wanalala hukohuko chini ya turubai, mimi nabaki. Likizo iliyopita nilishikwa na homa nikaanguka mlangoni, na bahati yangu Faraji alikuwa amerudi kuchukua ndoo walizozisahau, akaniinua mwenyewe mikononi mpaka kwenye gari, mkwe kumbeba mkwe, huku amegeuzia uso pembeni asinitazame na anasema, "Samahani mama, samahani mama," kana kwamba ni yeye aliyeniangusha. Mpaka leo sijamshukuru kwa siku ile, naona haya hata kuitaja. Tangu hapo ameapa haniachi tena peke yangu, tutakwenda wote.

Sasa hapo ndipo lilipoingia hili la tela. Kuna fundi wa kuchomelea pale Segera anayetengeneza matela ya kulala watu, analo dogo la magurudumu mawili, chumba kimoja, linaingia godoro na kibenchi, na analo kubwa la magurudumu manne, vyumba viwili na ukuta wa bati katikati. Faraji kalikazania hilo kubwa. Yusra alipomwambia dogo linatosha, nilimsikia kwa masikio yangu akijibu, "Na mama atalala wapi? Unataka nilale chumba kimoja na mama mkwe, halafu asubuhi nimwamkie kwa uso gani?"

Fundi aliwaruhusu walijaribu, wakalivuta likiwa tupu kutoka Segera mpaka Korogwe, na Yusra aliporudi aliniambia kwamba kwenye mteremko tela lilikuwa linalisukuma gari, linayumba huku na huku, lori la nyuma linapiga honi, na Faraji kashika usukani kwa nguvu zake zote, anasema eti atakuwa anakwenda polepole tu. Na hapo haijapakiwa sufuria hata moja, wala mimi na wajukuu zangu hatujapanda.

Mwisho wa mwezi huu anakwenda kumalizana na fundi. Mshauri, mtu huyu anataka kuihatarisha nyumba nzima kwa sababu ya kunistahi mimi, na mimi siwezi kumwambia nunua dogo, kwa kuwa kinywani mwangu neno hilo ni sawa na kusema niko tayari tulale pamoja, astaghafirullahi. Nimewaza siku ya safari nijifanye naumwa, nipelekwe kwa dada yangu Kwashemshi, haja ya tela ikome. Nikifanya hivyo nitakuwa nimekosea?

Ni mimi Mwantumu, Kwamndolwa.

MSHAURI ANAJIBU

Bi Mwantumu, shikamoo mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili natabasamu, kwa sababu barua za wakwe zinazofika mezani kwangu huwa zimejaa pilipili. Hongera kwa kuzaa binti mwenye macho, na hongera kwa mkwe.

Sasa nikukaripie, kwa adabu. Kijana alikuokota mlangoni ukiwa na homa ya kweli, wewe unataka kumlipa kwa homa ya uongo? Atakuamini. Ataacha mnada, atakesha mlangoni kwako, na akija kugundua, hutamtazama tena usoni kwa sababu kubwa kuliko ya kulala. Wazo hilo lifute leo.

Faraji naye, mwambieni amekosea pa kuanzia. Ameanza kuhesabu watu, halafu ndiyo akaligeukia gari. Tela linapimwa na gari kwanza. Gari likishasema naweza kuvuta hiki, ndipo watu wapangwe humo. Tela linaloisukuma Noah likiwa tupu litafanya nini likijaa sufuria na madumu ya maji? Kitabu cha gari huandika uzito linaoruhusiwa kuvuta. Kama kitabu hakipo, amuulize fundi ambaye hauzi tela. Na hata hilo dogo lisiondoke Segera bila taa za nyuma zinazowaka na minyororo ya akiba pale linapofungwa kwenye gari. Leseni yake nayo aulize kama inamruhusu kuvuta tela. Kwenda polepole ni kuzuri, lakini mteremko hauna habari na nia yako.

Pa kulala je? Mama, jibu unalo nyumbani. Faraji alipokujengea chumba, hakujenga nyumba ya pili, aligeuza mlango. Nunueni dogo. Wewe na wajukuu mlale ndani ya tela. Yeye na mkewe, sufuria zikishashushwa na kufunikwa turubai, wakunje viti vya Noah walale humo, wawe karibu na mali yao. Mkifika mnadani walifungue tela, walisogeze kando, mlango wake utazame pembeni, usielekeane na wa Noah. Asubuhi mtasalimiana mkishavaa, kama mlivyozoea.

Utauliza nani ataliingiza neno hili masikioni mwake. Mshenga wa ndoa ya Yusra yuko hai? Kama yuko, mpelekee salamu na kilo ya sukari, mweleze kama ulivyonieleza mimi, tena mbele ya binti yako. Kazi ya mshenga haikuisha siku ile mlipokula pilau. Alijua kupeleka posa bila kumuaibisha mtu, hili la magurudumu mawili halimshindi. Kama ametangulia mbele ya haki, mtafute mjomba wa Yusra. Fanya hivyo wiki hii, kabla mkwe wako hajakwenda Segera kumalizana na fundi.

Jambo moja tu usimpe mshenga akubebee. Siku tela litakapoingia uani, vaa nguo zako nzuri, keti kwenye kizingiti chake, Faraji akija kukusalimia mwambie, "Ahsante mwanangu kwa siku ile uliyonibeba." Hata kama ataangalia chini, na hata kama wewe utaangalia pembeni, lisemwe kwa mdomo wako.