Mzazi Mmoja, Jina Silitaji

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Leo nimeunguza mihogo karai zima. Sijawahi.

Ilikuwa kama saa kumi na moja, mechi ya kikapu imeisha, wasichana wa chuo wamefungwa tena. Watu wakahamia kwenye benchi langu. Ndiyo zao – mpira wanautazama uwanjani, ubishi wanakuja kuumalizia kwangu, kwa muhogo na pilipili. Na ubishi wa siku hizi ni mmoja tu. Kocha Leodegar, yule aliyeondolewa mwaka jana. Alikuwa anajua kusajili, au alibahatisha?

Valerian kinyozi ndiye wakili wake. Anasema hawa wanaofungwa ni usajili wa kocha mpya, msimsingizie wa zamani. Mwangalieni Munira. Alitoka Ruangwa mcheza netiboli, kudunda mpira hajui, Leodegar kamwona siku moja tu kambeba. Leo nani anaruka na Munira pale chini ya goli?

Mzee Fredrick yeye ni karani mstaafu, kila kitu anataka idadi. Akauliza: kati ya kumi na wanane aliowaleta, waliomaliza chuo wangapi? Mmoja kaumia goti. Wawili walirudi kwao. Mmoja kaolewa mwaka wa kwanza.

"Mzee wangu, kocha anasajili wachezaji, hasajili ndoa," Valerian akamjibu.

Benchi zima kicheko. Na mie nikacheka.

Ndipo Mzee Fredrick akashusha sauti, ile ya kufanya watu wasogee. "Nyie mnabishania jicho la kocha. Jicho lipi? Nafasi zilikwenda kwa jogoo. Kuna mzazi mmoja, jina silitaji, namheshimu. Kampelekea jogoo mpaka nyumbani, na mtoto kaingia."

Hakunitazama. Alinyoosha sahani tu, nimwongezee pilipili.

Nikamwongezea. Nilipogeuka kwenye karai, mihogo ilishakuwa mkaa.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani nimekaa nyuma. Mahubiri sijui yalihusu nini.

Huyo mzazi ni mie. Haya, nimeandika. Naona kama nimesema mbele ya watu, na humu hasomi mtu.

Jumanne, 9 Septemba

Amekuja mwanamama mmoja, kavaa kitenge kizuri, kapakata faili. Madam Yustina, kutoka shule moja ya wasichana huko Chamazi. Wanaanzisha timu ya kikapu na wanamtaka Leodegar awazungukie mikoani, awatafutie wasichana. Ila mkuu wao kasikia maneno ya zawadi, hataki shule yake ianze na harufu. Kaambiwa ukitaka kujua kikapu cha Boko nenda kwa Mama Asifiwe, kwenye mihogo.

Kwangu mie. Mungu ana mambo yake.

Mzee Fredrick akampa yake, kwa adabu, kama anasoma barua. Valerian akampa ya kwake kwa kelele, wembe ungali mkononi, mteja kamwacha na kichwa nusu. Madam akaandika ya wote wawili. Halafu akanigeukia.

"Na wewe mama, uko hapa kila siku. Ulisikia nini?"

"Mie nauza mihogo tu, madam. Mambo ya mpira siyajui."

Nyuma yangu, kwenye kamba, jezi ya Asifiwe imeanikwa. Namba tisa. Inachuruzika maji.

Akashukuru, akanunua muhogo, akala kwa heshima mpaka mwisho. Kasema watamwita kocha Jumatano ya wiki ijayo, wamuulize uso kwa uso, ndipo waamue.

Mambo ya mpira siyajui. Mwanangu anasoma chuo bila ada kwa sababu ya huo mpira.

Alhamisi, 11 Septemba

Asifiwe yuko darasani. Nimefunika karai mapema. Nataka niandike yote kama yalivyokuwa, maana kichwani mwangu nimeshayapinda mara nyingi, sasa hata mie sijui lipi ni lipi.

Mwaka juzi kocha aliwajaribu wasichana wiki nzima hapa uwanjani. Orodha ilikuwa itoke Jumatatu. Asifiwe alikuwa analala, mie silali. Niliishia la saba, baba yake hayupo, ada ya chuo naitoa wapi? Jumatano kaka yangu akanitumia jogoo kwa basi kutoka Tukuyu, nikampokea Mbezi Luis. Jogoo mkubwa, mwekundu. Alhamisi nikamfunga miguu, nikampeleka nyumbani kwa kocha.

Nimejiambiaga siku zote nilikwenda kusalimia. Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu. Hiyo kweli. Lakini Asifiwe kafundishwa na walimu wangapi toka chekechea, na hakuna hata mmoja niliyempelekea jogoo siku nne kabla ya matokeo. Hiyo pia kweli.

Kocha hakuwepo. Mkewe, Tekla, alipokea kwa mikono miwili, akanipa chai.

Jioni ile ile kocha akaja hapa kwangu, jogoo kwapani. Kasimama pale kwenye pipa la maji. Hakukasirika. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama Asi, mwanao nilishamwandika toka Jumanne. Nikimla huyu, nitakuwa nimemwandika kwa ajili ya huyu." Akaniwekea jogoo mkononi. Akanunua muhogo. Akaondoka.

Orodha ikatoka, Asifiwe yumo, wa tatu kutoka juu. Jogoo tukamchinja sie wenyewe. Asifiwe alikula paja, akauliza ni sherehe ya nini yote hii, mama.

Kesho yake Mzee Fredrick akaja kunipongeza, na utani wake. Mmempa nini kocha nyie?

"Jogoo wa Tukuyu, baba."

"Akapokea?"

"Akatae ana wazimu?"

Hapo. Ni hapo tu. Maneno matatu. Ningeweza kusema karudisha. Lakini kurudishiwa zawadi ni aibu, ni kama umefukuzwa mlangoni na majirani wanaona. Nikaona heri yeye aonekane kala kuliko mie nionekane nimerudishiwa.

Maneno yakatembea mwaka mzima. Mwaka jana yakafika ofisini kwa mkuu wa chuo. Valerian anasema kocha aliulizwa mzazi ni nani, akakataa kumtaja. Kasema tu sijala cha mtu. Angenitaja, wangeniita mie, na Asifiwe wangemchunguza. Alijua hivyo. Akakunja vitu vyake.

Na mie siku ile nilikuwa hapa. Nakaanga.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimekwenda Mbezi Luis. Kocha siku hizi anasimamia duka la shemeji yake huko, vifaa vya ujenzi. Nimemwona anapima misumari kwenye mzani, mrefu vile, kainama.

Sikuvuka barabara.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemwambia Asifiwe.

Tulikuwa tunamenya mihogo ya kesho, yeye ndoo yake, mie yangu. Nikaanza kwa mbali, kwa habari ya yule madam, nikazunguka, nikazunguka. Akasema mama, sema. Nikasema.

Aliendelea kumenya. Akamaliza ule aliokuwa nao, akauosha. Nikadhani atauliza habari za kocha. Yeye akasema:

"Kwa hiyo ulidhani sitoshi."

Nikamwambia hapana, mwanangu, woga tu, woga wa mzazi, kocha mwenyewe alisema alishakuandika toka Jumanne. Nikadhani hilo litamfurahisha.

"Yeye aliniona Jumanne. Wewe ulikaa pale wiki nzima, mama. Kila siku. Na Alhamisi bado ukaona pembeni yangu panahitaji jogoo."

Nikachukua muhogo mwingine, nikaumenya.

Nikamwambia nataka kwenda Chamazi nikaeleze. Ndipo akainua uso. Akauliza akishajulikana, uwanjani ataitwa nani? Nani ataamini jogoo karudishwa? Bado mwaka mmoja amalize. Wapinzani wakijua watamwikia kila akishika mpira. Hakusema niende, hakusema nisiende. Kanawa mikono, kachukua mpira, katoka.

Niliusikia unadunda huko mpaka giza. Peke yake.

Jumanne, 16 Septemba

Nimemngoja Mzee Fredrick abaki peke yake kwenye benchi. Nikamwambia, mzee, yule jogoo alirudishwa. Siku ile ile.

Akaweka muhogo chini. Nilitegemea atanicheka, au ataniambia acha kumtetea. Hakufanya lolote. Nikaanza kufuta meza isiyo na uchafu.

"Kwa nini uliniambia alipokea?"

Nikamwambia niliona aibu.

"Mama Asifiwe," akasema taratibu, "barua kwa mkuu wa chuo niliiandika mie. Kwa neno lako. Saini yangu iko pale."

Sikujua. Nilidhani maneno yalitembea yenyewe, kama maneno. Kumbe yalikuwa na karatasi.

Akasema yeye na umri wake hajawahi kumzulia mtu. Miaka arobaini ya kazi, hata siku moja. Mikono yake ilikuwa imeshika magoti. Nikamuuliza kama atanisindikiza kesho Chamazi. Akasema atafikiri. Akanyanyuka, akasahau na kofia yake. Nikamkimbilia nayo, akaipokea bila kunitazama, na safari hii si kwa kunistiri.

Valerian kutoka kibandani kwake anapaza sauti: "Leo mzee kashindwa hoja!" Hajui kitu. Nikamwambia nyoa, baba.

Jumatano, 17 Septemba

Naandikia huku huku, Chamazi, ndani ya shule. Daftari nimekuja nalo kwa sababu maneno ya kusema nimeyaandika ukurasa wa nyuma. Mbele ya wakubwa maneno hunikimbia.

Asubuhi Asifiwe kaamka kabla yangu, kavaa, kaenda mazoezini. Hakuniamkia. Toka ajue kusema mtoto huyu hajawahi kutoka nyumbani bila shikamoo.

Mzee Fredrick hakutokea kituoni. Nilimngoja mpaka nikaona nachelewa.

Getini wana daftari la wageni. Jina, unakotoka, unamwona nani, sababu. Wa juu yangu wote wameandika binafsi, binafsi, kikazi. Na mie nikaandika binafsi. Mlinzi akarudisha daftari kwake, nikamwambia ngoja baba. Nikalikata neno lile. Nikaandika: kumsafisha mtu. Akasoma, akanitazama viatu, akaniruhusu.

Kwenye varanda nani kakaa? Kocha mwenyewe. Shati jeupe limepigwa pasi, bahasha ya kaki magotini. Kanyanyuka aliponiona, akanipisha kiti kana kwamba mie ndiye nilikuwa na miadi.

"Shikamoo mama. Umefuata nini huku?"

Nikasema marahaba. Basi, mengine yakakwama. Lakini aliona daftari langu, aliona uso wangu. Akajua.

"Mama Asi, rudi nyumbani," akasema. Kwa sauti ile ile ya siku ile. "Mtoto kabakiza mwaka mmoja tu. Mie nina duka."

Nikamwambia duka si lako, ni la shemeji yako.

Akacheka kidogo. Akauliza kama Asifiwe bado anaegemea mno mkono wa kulia. Nikamwambia sijui, sijui kuangalia mpira, nilikuwa naangalia yeye tu asianguke. Akasema huo nao ni uangalizi. Sijui kama alinifariji au alinisema.

Wakamwita yeye kwanza. Kabla ya kuingia akanionyesha geti kwa kidevu, niende.

Sijaenda.

Mlango hawakuufunga vizuri. Sauti ya Madam Yustina naijua. Kuna ya mwanamume, nzito, nadhani mkuu. Wanamuuliza wasichana wa kusini aliwapataje, anajibu vizuri, namsikia anamtaja Munira, mkuu anacheka. Wanamuuliza wale walioacha chuo. Anataja mmoja mmoja kwa jina, hasingizii mtu. Kama wangeishia hapo.

Sasa madam anauliza. "Mwalimu, kuna habari ya mzazi na jogoo. Tunaomba jina la huyo mzazi, tumuulize sisi wenyewe, tuyamalize."

Kimya.

Anadakia mkuu. Bila jina, anasema, mikono yetu imefungwa.

Nasikia bahasha inakunjwa.

Ukurasa wa nyuma nimeufungua, herufi zote naziona ila hazisomeki. Kiti kinasogezwa ndani, mtu ananyanyuka, anasema asanteni kwa kunisikiliza.

Naweka kalamu, nagonga.