Mawese Haijui Baridi ya Burungu

Burungu, tarehe 8, mwezi wa tatu 1966

Kaka Raphaël,

Jambo sana. Wewe na muke wako, Mama Faustin, muko wazima? Na mutoto, meno imetoka? Sisi tuko, ila Mama, goti inamusumbua wakati wa mvua.

Nakuandikia juu ya mashine ya Papa yetu ya kusagia unga, ile inazungushwa na maji. Tangu fujo ifunge njia, grisi haifiki tena. Ekseli inalia mpaka watu wa soko wanaisikia, na kila jioni nafuta unga ya shaba chini yake. Chuma inakula shaba yenye inailalia. Ile shaba ikiisha, mashine imekufa, na wamama wa kilima wote watarudi ku jiwe. Mama hana tena mikono ya jiwe. Wewe uko ku uzine ya kukamua mawese. Hamuna grisi huko?

Dada yako, Victorine

*

Walikale, tarehe 27, mwezi wa tatu

Dada,

Nimefurahi sana kuona maandiko yako. Tuko wazima. Faustin anatembea, anaanguka, anacheka.

Grisi? Aka! Hata huku imekwisha. Lakini sisi tunapakaa mawese ku presi zetu, na chuma imenyamaza kabisa. Nakutumia bidon moja kwa Maurice, ule mufanya biashara wa Butembo mwenye kamio ya kubeba mizigo. Mujaze mawese ku ekseli jioni, asubuhi musage.

Umwambie Mama njia ingali mubaya, njo maana hatujafika.

Kaka yako, Raphaël

*

Burungu, tarehe 19, mwezi wa ine

Raphaël,

Leo sikuiti kaka. Tuko wazima, asante.

Tulijaza jioni vile ulisema. Asubuhi tukafungua maji, ekseli ikapiga kelele sawa nguruwe ya kuchinjwa. Nikafunga mbio, nikaangalia: mawese yako imeganda pembeni, ngumu sawa sabuni, na katikati iko kavu! Upande moja wa shaba umelika yote. Weee Raphaël! Umezaliwa hapa, umegombania blanketi na mimi hapa, na umesahau baridi ya Burungu?

Mama hakukasirika juu ya shaba. Aliangalia bidon, akauliza imepita wapi. Nikamwambia, njia ya Walikale. Akasema: "Kumbe bidon inapita, mutoto hapiti."

Dada yako

*

Walikale, tarehe 22, mwezi wa tano

Dada Victorine,

Pole sana kwa shaba. Mama anaendelea namna gani na goti? Maneno yake imenichoma. Nimetafuta kwanza dawa ya chuma.

Nimeshinda nikilaza chupa za mafuta ndani ya kijito cha mulimani, kule kwenye baridi, nione gani haigandi. Mama Faustin anasema nimerogwa. Sikia sasa. Uache mawese itulie mpaka ile nzito ilale chini. Umimine ya juu tu. Uchanganye na mafuta ya mbono, nusu kwa nusu, upashe kidogo ku moto, ukoroge. Mbono haiogopi baridi, na inashika chuma. Huku sijaona mti ya mbono ila mbegu kidogo yenye Maurice alileta. Kwetu iko nyuma ya kila nyumba.

Raphaël

*

Burungu, tarehe 30, mwezi wa sita

Kaka,

Ndiyo, nimerudi kukuita kaka. Shaba tumeigeuza, upande wenye haujalika uko chini, na mashine inazunguka. Unasikia maji tu.

Lakini ujue ile mbono imetoka wapi. Miti iko, ila mbegu ingali mubichi. Kilima muzima kilikuwa na chupa moja tu, ya Mama, nyuma ya kitanda yake. Unajua kwetu tate, mama ya baba, njo anapakaa mujukuu mafuta ya kwanza. Aliikamua siku tulisikia Faustin amezaliwa.

Nilikataa. Nikasema tungoje mbegu. Ameitoa yeye mwenyewe. Amepiga magoti, na goti ile inauma, akapakaa ekseli na kidole, pole pole, akiiambia: "Basi wewe njo mujukuu wangu. Wewe angalau unakaa hapa."

Nikatoka inje, nikalia.

Dada yako, Victorine

*

Walikale, tarehe 16, mwezi wa saba

Mama wangu,

Dada akusomee hii kwa sauti. Jambo, Mama. Nilikuwa naogopa, lakini si njia. Niliogopa utaangalia mwanamuke wa pori ya huku nilioa bila kukuonyesha, ugeuze uso. Sasa tunakuja sisi watatu na kamio ya Maurice. Ikikwama ku matope, nitabeba mutoto ku mabega. Yeye hajui baridi, mumuwashie moto.

Mama, kama kitone kimebakia ku chupa, usikimalize.

Mutoto wako, Raphaël

*

Burungu, tarehe 28, mwezi wa saba

Raphaël,

Victorine anaandika, mimi nasema. Goti ingali inauma. Chupa iko kavu, yote imeingia ku mashine.

Lakini ekseli inadondosha mafuta kidogo, na mimi nimeweka bakuli chini. Nimeiacha itulie, unga ya shaba ikalala, nimemimina ya juu tu, vile ulituandikia. Iko nyeusi kidogo. Njo nitamupakaa mutoto, na mama yake ku mukono, kama anakubali. Iko nusu ya huko na nusu ya huku, sawa yeye.

Nimeilaza inje usiku tatu. Haijaganda.

Mama yako