Nilivyokufundisha Kusema "Nimeshiba"

Mdogo wangu Desi,

Barua yako imefika, na nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Unasema mwezi wa sita utawaleta watoto Ifakara, twende nao kunywa chai ya saa kumi pale nyumba ya wageni ya masista, niwafundishe kukaa mezani kama nilivyokufundisha wewe. Mwishoni ukaongeza kwamba kwenye kaburi la mama hutafika, kama ambavyo hukuja kumzika, kwa sababu alikutoa kama mtu anavyotoa kifaranga. Nakuogopa, Desi. Nakuogopa wewe, mtoto niliyekubeba mgongoni!

Unaikumbuka siku ile? Ilikuwa miaka ya tisini, wewe una miaka sita, mimi kumi. Baba tulikuwa tumemzika pale kijijini kwetu Michenga, hata miezi miwili haijaisha, na mafuriko yalikuwa yameondoka na mpunga wote. Shangazi, dada yake baba, akaja kwa treni kutoka Mbeya kutupa pole. Kila mtu alimsifu kwa utajiri na usafi wake. Mimi nilikuwa najua jambo moja. Binamu yetu Skola, aliyewahi kulelewa kwake, alirudi na alama mkononi. Watu wazima wakasema aliungua na uji. Jamani, uji gani unaacha alama yenye ncha kama pasi?

Asubuhi ile nilikuwa nyuma ya jiko napepeta mchele aliotuletea Shangazi. Nikamsikia Shangazi akimwambia mama, "Leo nitawapeleka watoto wakanywe chai kwa masista. Atakayeonyesha adabu ndiye nitakayeondoka naye." Ungo ukanidondoka. Nikakimbilia chooni, na huko nikakaa muda mrefu nikifikiria mkono wa Skola.

Wewe hukujua lolote. Nilikuita kisimani, nikakusugua shingo kwa dodoki, nikaanza somo.

"Ukifika, shikamoo. Usikae mpaka uambiwe kaa. Ukiulizwa kama unataka kuongezewa, unasemaje?"

"Nasema niongezee!"

"Mjinga wewe. Sema: nimeshiba, asante Shangazi."

Ulirudia mpaka ukaanza kuiimba. Ulidhani ni mchezo. Katika kila barua yako unanishukuru kwa adabu niliyokupa, na kila mara nikisoma shukrani hizo naikunja barua haraka na kuificha chini ya godoro, kama mwizi.

Tulipakiwa kwenye baiskeli hadi Ifakara. Pale verandani kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, birika la udongo mweupe lenye maua, maziwa kwenye kijagi chake, sukari ya vipande na kikoleo cha kuiokotea, na keki iliyokatwa nyembamba mpaka mtu unaona aibu kuigusa. Mama alikaa ukingoni mwa kiti kama yuko kliniki. Mimi nilikuwa nimeshaamua.

Nilichota sukari kwa vidole, vipande sita. Nikamimina chai kwenye kisosi, nikaivuta kwa sauti mpaka wageni wa meza ya pili wakageuka. Nikajifuta mdomo kwa kile kitambaa cheupe. Mama akanifinya paja, machozi yakanitoka, nikavuta tena chai, kwa sauti kubwa zaidi.

"Loo! Huyu kalelewa wapi?" Shangazi akasema. Halafu akakugeukia wewe, akalainisha sauti. "Nikuongezee keki, baba?"

Uliiangalia ile keki, Desi. Nilikuona ukimeza mate. Tangu asubuhi hukuwa umetia kitu tumboni zaidi ya kile kipande kimoja.

"Nimeshiba, asante Shangazi."

"Haya, hii ndiyo damu ya kaka yangu," akasema. Wewe ukanitazama ukitabasamu, ukidhani umenishinda. Nikatabasamu na mimi. Haki ya Mungu, nilitabasamu, kwa sababu nilijua nimepona.

Kesho yake ukapanda treni. Likizo ya kwanza ulirudi huongei, umevaa shati la mikono mirefu kwenye joto letu hili. Tulilala chumba kimoja wiki mbili, na hata siku moja sikuthubutu kuipandisha ile mikono ya shati. Niliogopa kuona. Mpaka leo sijui kuna nini pale, na sasa unataka niwapakulie wanao keki, na mmoja wao, umeniandikia, ana miaka sita.

Basi jua kwamba Shangazi hakukuchagua. Nilikuchagua mimi. Niliwaza nani aende, nikakuosha, nikakuandaa, nikakukabidhi. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini nilijua ninachofanya. Nikanyamaza, hata mama alipokuwa akisikia honi ya treni na kusema, "Nilimtoa mwanangu," mimi nikiendelea kuosha vyombo. Niliogopa kwamba akijua atanichukia. Akafa hajajua. Ukikasirika, nikasirikie mimi, nina haki ya kuogopa hasira hiyo.

Ila yeye mwache. Asubuhi ile nyuma ya jiko sikumsikia Shangazi peke yake. Alipomaliza kusema, mama alipiga magoti, nilimwona kwenye upenyo wa ukuta. Alimshika miguu, akamwambia, "Wifi, nakuomba, hata chai usiwapeleke. Mchukue huyu mkubwa. Desi niachie."

Wasalimie wanao.

Ni mimi, dada yako.