Kibao Ulichomvika Mjukuu Wako

Durban, Juni 2012

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwanza kwa adabu yote uliyonifunza, maana sidhani kama adabu hiyo itafika mwisho wa barua. Presha yako inaendeleaje? Na goti la Mama, bado linamsumbua akipanda ngazi za kanisani? Nimesikia mmebadilisha mabati ya upande wa jikoni, nikashukuru. Sisi huku ni wazima. Baridi imeingia, si ya kutisha, ila upepo wa bahari unapenya madirishani na Neema analala na soksi. Mkweo bado analinda magari kwenye maegesho ya maduka. Mimi bado niko Umbilo kwa yule bibi kizee niliyekueleza, Bibi Gwen, namwogesha, nampikia, namsafishia nyumba. Neema ametimiza miaka minane na meno yake ya mbele yameota makubwa kama yako.

Hizo ndizo salamu. Sasa nikwambie kwamba nina hasira nawe, Baba, na nimeona niiandike, kwa sababu kwenye simu wewe ndiye husema na mimi ndiye husikiliza.

Unaikumbuka ile Jumapili ulipoongea na mkweo. Alikulalamikia kwamba mwalimu wa Neema amesema Kiingereza cha mtoto kiko nyuma, na kwamba nyumbani tuache lugha yetu. Simu ilikuwa kwenye spika, mimi nakunja nguo kitandani, nilisikia kila neno. Ulicheka, ukamwambia: "Mukwe, hiyo si problème. Fanya vile nilifanyaka huku ku masomo. Umuvalishe simboli. Miezi kidogo tu, hiyo lugha itamutoka yenyewe."

Simboli. Sikuwa nimelisikia neno hilo tangu nitoke darasani kwako. Kile kipande cha ubao chenye kamba ya katani, ulichomvika shingoni mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili badala ya Kifaransa. Naye alikaa nacho mpaka amsikie mwenzake akiteleza, amvike. Aliyelala nacho alichapwa asubuhi mbele ya mstari. Nilikuwa binti wa mkuu wa shule na nilikivaa kama wengine. Msichana niliyekaa naye dawati moja, alipochoka kukivaa, alinifinya paja mpaka nikalia, na nililia kwa Kiswahili. Baba, nani analia kwa Kifaransa?

Mkweo anakutii kuliko anavyomtii mchungaji. Kesho yake alikata ubao wa sanduku la matunda, akautoboa kwa msumari wa moto, akapitisha kamba ya kiatu. Akauning'iniza kwenye msumari karibu na mlango na kututangazia kanuni zako, zote, isipokuwa viboko. Nikamwuliza kama ana akili timamu. Akasema, "Eish, mama Neema, usiniletee makelele. Bopère, baba yako mwenyewe, alisema. Unapenda mutoto akuwe car guard kama mimi?" Nikamjibu kwamba yeye Kiingereza anakijua, tena vizuri, na magari bado anayalinda.

Simfanyi kuwa mtu mbaya. Ule mwaka wa vurugu, wenyeji walipowawinda wageni, tulipolala kwenye ukumbi wa kanisa na mabegi yetu, alisimamishwa njiani na vijana wenye fimbo, wakamgusa kiungo cha mwili na kumwambia akitaje kwa Kizulu. Alikijua kwa bahati tu. Tangu siku hiyo tukipanda taxi, zile daladala za huku, tunanyamaza kama tunaenda mazikoni, mpaka tushuke. Hilo nililikubali, sikulalamika. Lakini nyumba yangu si taxi, Baba. Nyumba yangu ndipo mahali pekee katika mji huu mzima ninapofungua mdomo bila kutazama nyuma, na wewe, kutoka Uvira huko Kongo, umeufunga.

Sasa sikia kilichofuata, maana Mama hajakwambia. Najua hajakwambia kwa sababu huwa anameza. Jumapili baada ya ibada alipiga simu, wewe ukiwa kwenye mkutano wa wazee wa kanisa. Akamtaka Neema. Nikampa mtoto simu. Mama akaanza vile vya siku zote, "Mujukuu wangu, umelala aje? Umekula nini? Unanisahau?" Neema akamtazama baba yake, akatazama kibao mlangoni, akaziba mdomo kwa kiganja. Mama akaita tena. Akaita mara nyingine. Mtoto ananitazama machozi yakimlengalenga, hajui afanye nini, maana Kiingereza bibi yake hakijui na Kiswahili amekatazwa. Nikachukua simu. Mama akaniuliza, polepole, "Nilimukosea nini huyu mutoto?"

Nimemdanganya mama yangu, nikasema Neema koo linamuuma. Hilo nakudai wewe.

Na bado. Jumamosi iliyopita nilikuwa nakaanga samaki. Mafuta yakaruka, yakanichoma hapa juu ya kifundo cha mkono. Nikapiga kelele, "Mama wee, naungua!" Neema akatoka mbio chumbani. Nilidhani anakuja kuniona. Alikuja na kibao mkononi. Alikuwa amekivaa tangu asubuhi, na sasa amepata mtu. Akanivika, ananicheka, anarukaruka, anasema kwa Kiingereza chake kipya kwamba nimesema, amenisikia, ni zamu yangu. Mkono wangu unavimba na mtoto wangu anashangilia. Hakuuliza kama naumia, Baba. Amefunzwa kusikiliza lugha, hakufunzwa kusikiliza kilio. Nilizima jiko nikaketi sakafuni, na sikulia kwa sababu nilikuwa na hasira mno.

Sikutafuta mtu wa kumvika. Jumatatu nilikitia kwenye mfuko, nikaenda nacho kazini.

Hapa nikueleze vizuri habari za Bibi Gwen, kwa sababu ndiye aliyenifungua macho, ingawa hakukusudia. Hakuzaliwa huku. Alizaliwa Wales, ile nchi ndogo inayobanana na Uingereza, akaja Durban na mumewe aliyefanya kazi bandarini. Sasa mume alishakufa na watoto wako Australia. Kinachomweka hai ni maneno. Ana kamusi nene mbili, zimechoka kuliko yeye, na kila nikimwogesha ananieleza neno moja la Kiingereza lilikotoka, lakini si maneno yote. Anayatafuta tu yale ya watu wake, Wakelti, waliokuwa katika kile kisiwa kabla Waingereza hawajafika na kuwasukuma milimani.

Mwanzoni nilimwitikia ili amalize, maji yasipoe. Baadaye nikaanza kusikiliza. Gari wanaloliita "car", neno ambalo mkweo analitaja siku nzima, lilikuwa la Wakelti wa Ufaransa ya zamani. Warumi walipowashinda walichukua neno pamoja na mikokoteni yenyewe, likapita kwa Wafaransa, likafika kwa Waingereza. Hata "mutton", ile nyama ya kondoo wanayoipika kari huku na kuitia ndani ya mkate, ndiyo "mouton" yako ya darasa la tatu, nayo imetoka kwa haohao. Pipa la taka, "bin", lao. Suruali wanazoziita "trousers" zilitoka kwa Wakelti wa Ireland na Uskoti. Mwenyewe anakiri kwamba mengine wataalamu bado wanayabishania, na anakasirika wakibisha.

Siku moja aliniomba kitambaa cha kuogea, akakiita "flannel". Nikamwambia sisi tuna fulana, nguo ya kuvaa ndani ya shati. Alinigeukia na sabuni usoni. Alisema hilo ni neno la bibi yake, la sufu ya kondoo, Waingereza walilichukua Wales na kulisambaza kwa meli zao. Alicheka mpaka nikaogopa atateleza. "Limefika mpaka kwenu," akasema. Alinifanya nimwambie tena na tena: fulana, fulana. Mama alivyozoea kuanika fulana zako kwenye uzio kila Jumamosi, sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa anaanika neno la mtu.

Basi Jumatatu hiyo aliona mkono wangu umefungwa kitambaa, akauliza. Nikamwambia yote, ya mafuta na ya mtoto, nikatoa kibao nikamwonyesha. Nilitegemea ashangae mambo ya Waafrika. Alikishika kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku, maji ya chai yakachemka mpaka jagi la umeme likajizima.

Kisha akasema, "Bibi yangu alivaa hiki."

Hikihiki, Baba. Wales. Kipande cha ubao, kamba, herufi mbili zimechongwa juu yake. Mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani shuleni alivikwa, akakivua kwa kumnasa mwenzake, na aliyebaki nacho jioni alipigwa. Nilimwuliza kama mwalimu alikuwa Mwingereza. Akasema hapana, mara nyingi mwalimu alikuwa mtu wa kwao, mwenye jina kama lao, aliyeimba nao kanisani. Wazazi wenyewe walikubali, wakisema ni kwa faida ya watoto. Nilihisi kama anakusimulia wewe.

"Na bibi yako alifanyaje?" nikamwuliza.

"Alipokua hakumfundisha mama yangu neno hata moja. Alisema lugha ile inaumiza shingo. Mama yangu naye angenifundisha nini? Mimi najua sala moja, kuhesabu mpaka kumi, na wimbo ambao sijui maana yake." Akanyoosha kidole kwenye kamusi zake. "Ndiyo maana nayatafuta humo. Ni kama mtu anayezunguka jikoni kwa jirani akitambua sufuria za bibi yake. Hii ilikuwa yetu. Na hii. Nafurahi nikiiona, lakini siwezi kupikia."

Niliondoka pale nikatembea Barabara ya Umbilo yote kwa miguu, sikupanda taxi. Nilikuwa nakugombeza kwa sauti, kwa Kiswahili, watu wananipisha. Kwa hiyo hii ndiyo kazi uliyoifanya miaka yote ile, Baba? Hukuibuni hata wewe. Ulipokea ubao uliotengenezwa kwa ajili ya watoto wengine, wa nchi nyingine, waliokwisha kufa, ukatuvika sisi wako. Na lugha unazozipigia magoti, Kifaransa jana na Kiingereza leo, zimejaa vyombo vya watu walionyang'anywa. Lugha inachukua, sikatai, na Kiswahili chetu kimechukua kila mahali, fulana ni shahidi. Lakini kuchukua sufuria ya jirani si sawa na kumkata jirani mikono.

Namwona Neema akiwa na umri wa Bibi Gwen, katika nyumba fulani yenye joto, anapekua kamusi ya wazungu kutafuta bibi yake alisema nini siku ile kwenye simu. Na hataipata, kwa sababu "mujukuu wangu, umelala aje" haimo.

Usinijibu kwamba mtoto lazima ajue Kiingereza. Atakijua. Anajifunza shuleni, barabarani, kwenye televisheni, kwa watoto wa gorofa yetu. Mji mzima unamfundisha. Kiswahili nani atamfundisha, kama si mimi na Mama? Nawe pia, ukiamua. Na nikuulize jambo moja ambalo binti hapaswi kumwuliza baba yake: Mama ulimposa kwa lugha gani?

Nimemwambia mkweo kwamba kibao hakitarudi kwenye ule msumari. Alisimama pale mlangoni, akapapasa ukuta, akasema, "Bopère ndiye alikiweka. Bopère aniambie mwenyewe kama kinatoka." Hakusema kwa ukali. Nadhani amechoka nacho, ila hana njia ya kukukatalia. Kwa hiyo neno liko mdomoni mwako, si mwangu.

Ninachotaka ni hiki. Jumapili baada ya ibada upige simu wewe mwenyewe. Umwambie mkweo kwamba ulikosea. Najua neno hilo ni gumu kwako kuliko yote, lakini nawe ulitupa maneno magumu tukiwa wadogo. Kisha umwite Neema, umsalimie kwa Kiswahili yeye asikie sauti yako ikikisema, halafu umpe Mama simu na uondoke pale. Waache wawili hao waongee.

Nisalimie Mama, umsomee barua hii, yote, usiruke. Nisalimie shangazi, dada yako anayeuza unga, umwambie kitenge chake nimekipata, kinakuja. Msalimie kaka yangu mdogo, aendelee na masomo yake ya ufundi. Salamu kwa jirani aliyetuchimbia kisima, na kwa mama mkunga aliyempokea Neema kabla hatujaondoka. Yule bibi wa kwaya ambaye ulimchapa siku moja, akiwa mwanafunzi wako, kwa ajili ya wimbo wa Kiswahili, kama bado yuko hai, msalimie wewe kwa mdomo wako.

Barua hii anakuletea Mama Sifa, aliyekuwa jirani yetu nyuma ya soko, anayepita Zambia na Kigoma na mizigo yake ya nguo. Amebeba pia kifurushi kidogo. Kifungue ukiwa na Mama.

Ndani yake kuna kibao. Kanuni unazijua kuliko sisi wote: aliyekivaa hakivui mpaka amsikie mwenzake. Neema alinivika mimi, na nimekaa nacho mpaka nilipokumbuka ile simu iliyokuwa kwenye spika, nikikunja nguo. Ulimwambia mkweo aue Kiswahili nyumbani kwangu, na ulimwambia kwa Kiswahili. Nilikusikia, Baba. Ni zamu yako.

Binti yako anayekupenda, na ambaye leo hakuogopi,

Mama Neema